Msimu wa Kutoonja

Alhamisi, 1 Juni

Nesi wa kliniki ya sukari amenikabidhi daftari hili leo kama vile mimi ni mtoto wa darasa la kwanza. "Baba," akasema, "kila kinachoingia mdomoni, andika. Hata karanga moja." Nikamwambia mdomo wangu kazi yake ni kutoa, si kuingiza. Hakucheka. Akaniletea mashine ya kupimia mbele ya pua, akaniuliza kama naiona namba. Nikaona ukungu mweupe, na ndani yake kitu cheusi kama mdudu. "Kumi na tano nukta nane," akasoma mwenyewe.

Basi mambo yako hivi. Nina mtoto wa jicho macho yote mawili. La kulia limeshafunga, la kushoto linafunga. Daktari wa macho yuko tayari kunipasua la kulia tarehe 17 Agosti. Lakini amesema, na nesi amerudia, na mke wangu amerudia mara tatu njiani tukirudi, kwamba sukari ya asubuhi isiposhuka mpaka nane, daktari hagusi kitu, maana kidonda hakitapona. Nikiikosa tarehe hiyo, foleni ni ya mwaka mzima. Mwaka mzima! Kwa mwendo huu, mwakani nitakuwa nashikwa mkono kwenda msalani.

Naandika kwa kalamu nene, herufi kama za bango, nikiwa nimebanana na dirisha. Mke wangu anasema naandika kama ninavyoongea, kwa kelele.

Ijumaa, 2 Juni

Asubuhi: chai kavu. Mchana: maharage, mboga, wali kiasi cha ngumi. Ngumi ya nani? Nesi hakusema. Nilipima kwa ngumi yangu, mke wangu akapima upya kwa yake. Jioni: mboga tena, na hasira.

Jumamosi, 3 Juni

Msimu umefunguliwa leo kwa maonyesho ya mifugo. Nilichokula: matunda na maji.

Jumapili, 4 Juni

Ya jana ni uongo mtupu. Nimeamka nao kifuani, bora niutoe.

Mimi ni mtangazaji wa maonyesho. Miaka ishirini na sita nasimama jukwaani na kipaza sauti, maonyesho ya mifugo, siku za michezo, minada, maua, chochote kinachokusanya watu uwanjani kwenye jua. Watu wananiita Spika, na wengi hawajui kama nina jina jingine. Tangu macho yaharibike, mke wangu husimama ubavuni mwangu na karatasi, ananinong'oneza: ng'ombe namba saba, mwenye mali fulani. Mimi napokea, natia chumvi, nayarusha uwanjani. Watu wanadhani nasoma.

Na kazi hii ina desturi yake. Mwenye kibanda cha chakula akitaka kutangazwa, anatuma kionjo jukwaani. Mimi nauma mbele ya kipaza sauti, uwanja wote unasikia *krap!*, halafu nasifu. Dakika tano baadaye kibanda kina foleni mpaka getini. Ndiyo maana sijawahi kusifu nisichoonja, hata siku moja. Wengine husifu kwa kutumwa, mimi nasifu kwa ulimi wangu.

Kwa hiyo, nilichokula jana kwa ukweli: viazi vya kukaanga kutoka kwa Mama Viazi, sahani nzima. Soseji mbili za Mzee Soseji. Aiskrimu ya Bwana Barafu, kikombe kikubwa, kwa sababu kidogo kingeyeyuka kabla sijakisifu vizuri. Kipande cha keki. Soda mbili. Matunda yalikuwepo kweli. Yalikuwa juu ya keki.

Jumamosi, 10 Juni

Siku ya michezo. Vionjo vinne. Mke wangu, Mama Watoto, kanuna toka mbio za magunia mpaka kuvuta kamba.

Jumatatu, 12 Juni

Kliniki. Kumi na sita nukta nne. Imepanda.

Nesi akachukua daftari, akasoma ukurasa wa Jumapili kimyakimya. Nikasikia pumzi yake inakatika, nikajua anazuia kicheko, nikapata matumaini. Hayakudumu. "Baba, wewe unataka jicho au unataka viazi?" Nikamwambia nataka vyote kama kuna uwezekano. Mama Watoto akanifinya.

Akanipa masharti, na nayaandika hapa kwa sababu mke wangu amesimama nyuma yangu. Siku ya maonyesho nile nyumbani kwanza, nishibe, kwa sababu mwenye njaa uwanjani hana akili. Nikifika nizunguke uwanja mzima bila kununua wala kuonja, nijue kuna nini, ndipo nichague. Sahani moja tu, nusu yake mboga, kitu cha kuchoma badala ya cha kukaanga. Maji yangu mwenyewe kwenye chupa. Na nisisimame karibu na kikaango.

"Jukwaa liko mbele ya vikaango," nikamweleza. "Miaka ishirini na sita liko hapo."

"Basi geuka uelekee ng'ombe," akasema.

Mke wangu ndiye msimamizi wa masharti. Kwa siri namwita Mkuu wa Magereza. Jikoni ameweka kila kitu kwenye kabati la juu, na ngazi ameificha. Nampenda mwanamke huyu, lakini kuna saa natamani angekuwa mvivu kidogo.

Jumamosi, 17 Juni

Leo nimeaibika. Naandika nikiwa kitandani, jua bado halijazama, na mke wangu yuko jikoni anagonga sufuria kwa nguvu kuliko inavyohitajika.

Niseme kosa langu mwenyewe. Asubuhi aliniwekea mayai ya kuchemsha na mboga na kipande cha mkate, akatoka kwenda kuoga. Nikaona, hapa nikila hivi, na kule vionjo vinanisubiri, sukari itajumlishwa mara mbili. Bora niruke hiki nibakize nafasi ya kile. Nilijiona mjanja mno. Nikampa mbwa mayai. Vidonge vyangu vya sukari nikameza, tumbo tupu. Loh, akili ni nywele, na mimi nina upara.

Uwanja ulikuwa unawaka. Mpaka saa tano hakuna aliyeleta kionjo, wote walikuwa bado wanawasha moto. Nikaanza kutetemeka vidole. Nikadhani ni msisimko. Jasho likanitoka la baridi. Ng'ombe namba kumi na moja alipoingia nilimtangaza kuwa ni mbuzi. Watu wakacheka, wakadhani natania. Mke wangu akanong'ona, "Baba Watoto, umekula wewe?" Nilitaka kumjibu. Badala yake nikaona ukungu wangu mweupe unageuka mweusi, nikaanguka na kipaza sauti mkononi.

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Kwa hiyo uwanja wote ulisikia mtu mzima anaanguka kama gunia la mahindi, halafu ukasikia mke wangu: "Jamani soda! Leteni soda! Ndiyo, soda, sukari imeshuka, msinitolee macho!" Nilipozinduka nilikuwa nimelazwa kivulini, tamutamu mdomoni, na nikamsikia anaongea. Hakuwa anaongea na mimi. Alikuwa ameshika kipaza sauti.

"Mnanisikia? Mimi ni mke wa Spika. Mume wangu ana sukari. Nimenyamaza miezi kwa sababu hataki mjue. Sasa mmejua. Ana mtoto wa jicho, haoni, karatasi namsomea mimi. Tarehe 17 Agosti anatakiwa apasuliwe jicho, na hawatampasua kama mnaendelea kumlisha. Najua mnampenda. Basi nawaombeni, kama mnampenda, msimpe kitu. Kibanda chako kikose foleni wiki kadhaa, mume wangu apate jicho. Nimemaliza. Ng'ombe namba kumi na mbili aingie."

Na ng'ombe aliingia kweli. Akamtangaza, na wa kumi na tatu, na wa kumi na nne, mpaka mwisho, bila kukosea jina hata moja. Mimi nimelala chini nasikiliza.

Mama Viazi alikuja akapiga magoti pembeni yangu. Analia huyo, kwikwi mpaka zinamziba maneno. "Mimi ndiye niliyekuwa namlisha. Kila wiki sahani ya kwanza ni yake. Nilijua namtunza." Mama Watoto hampendi Mama Viazi tangu zamani, anamwita yule mwenye mafuta. Nilisubiri nisikie atakachomjibu. Akamwambia tu, "Nyanyuka, mama, viazi vinaungua."

Jumapili, 18 Juni

Hatusemezani. Mficha maradhi kifo humuumbua, najua, najua. Lakini mimi nimeumbuliwa na mke wangu kwa spika nne na jenereta.

Jumatano, 21 Juni

Amenisemesha. Alisema, "Chakula." Nikasema, "Asante." Ni mwanzo.

Jumamosi, 24 Juni

Wanadamu ni wema, acheni nisifu wanadamu leo! Mnada wa mifugo, na vibanda vyote vimesikia habari zangu. Nilikula nyumbani kama nilivyoagizwa. Nikazunguka uwanja kama nilivyoagizwa, Mama Watoto akiwa amenishika kiwiko. Kisha akaenda ofisini kuchukua orodha ya wanyama, na huko akacheleweshwa, na mimi nikapanda jukwaani peke yangu. Ndipo wakaanza kuja mmoja mmoja, wananong'ona kama wezi.

Bwana Barafu: "Spika, leo sikuletei aiskrimu. Nimekusagia embe tupu, nne, sijatia sukari hata chembe." Nikanywa. Mama Viazi: "Nimekuchemshia, havijaona mafuta." Bakuli la viazi vya kuchemsha, nikamaliza ili asilie tena. Mwenye asali: "Asali ni dawa, Spika, vijiko vitatu." Mwoka mikate: "Huu ni wa ngano isiyokobolewa." Nusu mkate. Mzee Soseji kaniletea mahindi ya kuchoma, mawili, akasema soseji amezifungia kwenye sanduku kwa heshima yangu. Halafu mwenye zabibu, halafu mwenye ndizi, halafu juisi ya chungwa.

Vyote vya afya. Sikugusa sukari, sikugusa mafuta. Nimeandika kila kitu hapa kwa ukweli na kifua mbele, nesi atafurahi.

Jumatatu, 26 Juni

Kumi na saba nukta tisa.

Nesi alisoma ukurasa wa Jumamosi kwa sauti, kitu kimoja kimoja, na kila kimoja akimtazama Mama Watoto. Alipofika kwenye mahindi ya pili akaanza kucheka, akacheka mpaka akavua miwani. Nikacheka na mimi. Akaacha ghafla. "Baba, embe nne ni embe nne, hata zikae kwenye glasi. Asali ni sukari iliyovaa nguo nzuri. Viazi, mkate, mahindi, ndizi, kila kimoja peke yake hakina ubaya. Wewe umekula cha watu wanane. Zimebaki wiki saba."

Njiani Mama Watoto hakunisema. Alinishika mkono tu. Ningependelea anigombeze.

Jumatano, 28 Juni

Mama Viazi kaja nyumbani! Wameketi jikoni na mke wangu mlango umefungwa. Nimesikia neno "jukwaa" na neno "kijiko" na kicheko. Wanawake wawili ambao mwezi uliopita walikuwa hawasalimiani. Nina wasiwasi.

Jumamosi, 1 Julai

Sasa nimejua walichopika. Kuanzia leo mwonjaji ni Mama Watoto.

Vionjo vinakwenda kwake. Anachota kijiko kimoja, anaonja, sahani inapelekwa kwa wafagia uwanja. Kisha ananieleza, na mimi nasema: "Mke wangu ameonja, na mke wangu anasema..." Hivyo sivunji mwiko wangu, kwa sababu ulimi umeonja, ila si wangu. Niliona ni hila dhaifu. Nikasema uwanja utatuzomea.

Sahani ya kwanza ilitoka kwa Mzee Soseji. Nikatangaza: "Mke wangu ameonja soseji, na mke wangu anasema..." nikamsogezea sikio. Yeye akavuta kipaza sauti chote: "Chumvi imezidi." Uwanja ukapasuka kwa vicheko. Mzee Soseji akapiga kelele kutoka kibandani, "Mama, nipe wiki moja!" Mama Viazi alileta viazi vichache na mlima wa kabichi na karoti zilizokatwa nyembamba, limau juu. Mama Watoto akatafuna, akatafuna. Uwanja unasubiri. "Hii," akasema, "ningempa mume wangu." Foleni ilizunguka kibanda mara mbili.

Sahani yangu moja ilikuwa ya hiyo hiyo, na kipande cha kuku wa kuchoma. Nilikula taratibu. Nakiri ilikuwa tamu. Maji nusu chupa.

Jumanne, 4 Julai

Asubuhi, kabla ya kula, kumi na mbili. Mashine tumeazimwa tukae nayo nyumbani. Mama Watoto anaisoma, mimi naamini.

Jumamosi, 8 Julai

Mzee Soseji kapunguza chumvi. Kasifiwa. Kacheza dansi mbele ya kibanda, naambiwa.

Jumamosi, 15 Julai

Siku ya michezo ya kiwanda. Watoto wanakuja jukwaani, hawaniulizi mimi kitu, wanamuuliza mke wangu: "Mama, leo kizuri ni kipi?" Waandaaji wameniambia, kwa furaha kabisa, kwamba mwaka ujao mabango yaandikwe jina lake na langu. Lake mwanzo. Nikacheka na wao. Nilipofika nyumbani sikuona cha kuchekesha. Miaka ishirini na sita natengeneza sauti hii, yeye kaja na neno moja, "chumvi imezidi," kachukua uwanja.

Sukari kumi nukta tano. Inashuka, na mimi nashuka nayo.

Jumamosi, 22 Julai

Nataka kuandika haya yote leo, na yakijaza daftari litanunuliwa jingine.

Yalikuwa maonyesho ya maua. Saa nane mapumziko. Kuna mgeni kafungua kibanda cha donati karibu na geti, mgeni asiyenijua wala kujua habari za sukari yangu. Harufu ilinifuata toka asubuhi. Nilimwambia Mama Watoto naenda kujisaidia. Nikanunua nne, nikapapasa ukuta mpaka nyuma ya banda la mbuzi, mahali pasipopita mtu. Nikakaa juu ya robota la nyasi. Mbele yangu palikuwa na marobota mengine, naona tu kivuli cha kahawia, na juu yake kama gunia. Nikafungua karatasi.

Ya kwanza niliila haraka. Ya pili niliila polepole, nimefumba macho, maana kuyafumbua hakunisaidii kitu.

"Zimebaki mbili," gunia likasema.

Roho ilitaka kunitoka. Alikuwa mke wangu. Hatua nne kutoka nilipo, ananitazama.

"Umefika saa ngapi hapa?" nikauliza, kana kwamba yeye ndiye wa kuulizwa.

"Nilikuwepo kabla yako. Nilikuja kupumzisha miguu. Ukaja ukakaa, ukaniangalia usoni, ukauma."

"Sikukuona."

"Ndiyo. Hukuniona."

Nikajitayarisha kupokea maneno. Namjua mke wangu, akianza kusema, jirani wa tatu anapata. Lakini alisema kwa sauti ileile anayonisomea majina ya ng'ombe, tulivu, haipandi haishuki.

"Baba Watoto, mimi sipigani na sukari. Unadhani napenda kuhesabu wali wako? Huu ni mwaka wa pili hujaniona uso. Unanisikia tu, kama redio. Nikivaa vizuri hujui. Nikiumwa mpaka nikwambie. Juzi nimekata nywele, umeniuliza? Nina miaka hamsini na nane. Kila siku uso huu unabadilika kidogo, na wewe unakumbuka ule wa zamani. Naogopa siku utakaponiona tena utanisalimia kama mgeni. Naogopa zaidi kwamba siku hiyo haitakuja. Basi. Kama donati ni tamu kuliko hivyo, malizia hizo mbili, na mimi sitakusema tena."

Mbuzi walikuwa wanatafuna nyuma yetu. Nikafunga karatasi, nikanyoosha mkono mbele mpaka nikampata. Akazipokea, akazitia kwenye mkoba.

Nilimwonea wivu mwanamke huyu kwa kipaza sauti! Nilimwita Mkuu wa Magereza! Kumbe yeye ndiye mfungwa, anasubiri mimi nifungue mlango. Nina aibu, na naiandika kwa herufi kubwa kuliko nyingine zote ili siku nikipona niisome vizuri.

Tulirudi jukwaani tumeshikana mikono. Nilitangaza maua ya watu nisiyoyaona, nikayasifu kwa maneno yake.

Jumapili, 23 Julai

Nimemuuliza habari za nywele. Kanieleza. Nimezigusa.

Jumamosi, 29 Julai

Nilikula nyumbani. Nilizunguka uwanja. Sahani moja. Maji. Yule wa donati alituma kionjo, Mama Watoto akasema kwenye kipaza sauti, "Nzuri sana, kula moja, usile nne." Uwanja ukacheka bila kujua kwa nini mimi nimecheka kuliko wote.

Jumatatu, 31 Julai

Tisa nukta moja.

Jumamosi, 5 Agosti

Kuku wa kuchoma, kabichi, nusu hindi. Mama Viazi kanipa nusu, nusu nyingine kala mwenyewe mbele yangu ili nisiitamani. Yeye na Mama Watoto sasa wanaitana dada.

Jumatatu, 7 Agosti

Nane nukta sita. Jamani, bado kidogo.

Ijumaa, 11 Agosti

Nane nukta sita tena. Imekwama. Natembea kila asubuhi kuzunguka nyumba, mke wangu mbele, mimi nashika ncha ya khanga yake.

Jumatatu, 14 Agosti

Kipimo cha mwisho kliniki. Nesi alinichoma kidole, tukasubiri. Sijawahi kuona kimya kirefu namna ile, na kimya mimi nakijua, ni adui wa kazi yangu. Nikasikia kiti cha nesi kinasogea. Nikasikia anamkumbatia mtu, na mtu huyo si mimi.

"Ngapi?" nikauliza. "Jamani, mimi ndiye mwenye damu, ngapi?"

Saba nukta nne.

Alhamisi, 17 Agosti

Nimepasuliwa. Anaandika Mama Watoto kwa niaba. Mgonjwa anaongea sana, daktari kamwambia anyamaze mara mbili.

Ijumaa, 18 Agosti

Nesi wa macho kafungua bandeji asubuhi. Mwanga ukaniingia kama maji ya baridi. Ukuta una rangi ya buluu. Sikujua. Nikageuka kumtafuta mke wangu. Nikamwona anatoka mlangoni, mgongo tu na ile khanga, anasema anaenda kutafuta gari. Aliporudi alikuwa amenawa uso, unang'aa maji. Ni yeye. Amekonda, na nywele nyeupe zimemjaa mbele, na ni yeye. Nilimwangalia mpaka akaniambia, "Basi, utanimaliza."

Jumamosi, 2 Septemba

Maonyesho ya kufunga msimu. Daktari kaniruhusu kwa masharti: miwani myeusi, nikae kivulini, vumbi likizidi niondoke. Nilikula nyumbani. Nilizunguka uwanja wote, na ilichukua saa nzima, kwa sababu nilisimama kila mahali. Mzee Soseji amefuga sharubu, na mimi sikujua! Nilikuwa nimesahau kwamba Mama Viazi ni mdogo kuliko sauti yake. Vyakula vilikuwepo kila upande, na ninakiri sikuviangalia sana, watu ndio walionishinda kumaliza.

Tukapanda jukwaani. Kwa vitu vya karibu bado nahitaji miwani ya kusomea, ambayo haijawa tayari, kwa hiyo Mama Watoto alishika karatasi kama kawaida na kunisomea. Ng'ombe namba moja. Namba mbili. Sauti yake ile ile, tulivu, haipandi haishuki. Namba tatu alipoingia uwanjani sikumsubiri. Nikasema kwenye kipaza sauti, "Huyu mweupe mwenye doa jeusi begani, anayetembea kama mwenye nyumba!" Watu wakashangilia. Nikasubiri mke wangu anisomee jina la mwenye mali. Akanisomea, vizuri kabisa, kila herufi mahali pake.

Nikageuka kumtazama. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni, yanadondokea kwenye karatasi. Na bado anasoma. Sauti haikutetemeka hata kidogo.

"Unalia," nikasema.

"Tangaza, watu wanasubiri."

"Umeanza saa ngapi kulia?"

"Tarehe tatu Juni," akasema. "Kila Jumamosi. Kila jina nililokusomea ni jina ambalo wewe hukuliona, na machozi yalikuwa yananitoka. Hukuwa unaona, kwa hiyo sikuwa na haja ya kufuta."

Msimu mzima! Bega kwa bega na mimi. Mimi nahesabu vionjo nilivyonyimwa.

"Na leo je?"

"Leo ni mazoea tu," akasema, akacheka, na kamasi zikamtoka.

Nikachukua leso, nikamfuta uso, shavu moja, na la pili, taratibu, nikiangalia ninachofanya. Mwenye ng'ombe akapaza sauti kutoka uwanjani, anauliza mnyama wake ni wa ngapi. Nikamwambia kwenye kipaza sauti asubiri, namtazama mke wangu.